Nilitumwa Kukusanya Majani ya Noeli, Nikaleta Mawe

Kosa ni langu. Ninalisema kwanza, kabla woga haujanirudia nikaweka kalamu chini. Watu wa avenyu yetu hapa Goma wanasema ilikuwa vita, wengine wanasema ni hasira ya vijana, wengine ni shetani. Hapana! Ilikuwa mimi. Maneno machache yalitoka kinywani mwangu Noeli ilipokaribia, na kwa maneno hayo kijana mmoja leo hana jicho, na jamaa nzima haina nyumba.

Naomba unisikilize taratibu. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, na mkono wangu ni mzito kuandika. Lakini kusema ndiko kunanishinda zaidi. Tangu utoto mimi ni msichana wa haya. Mgeni akiingia nyumbani kwa mlango wa mbele, mimi ninatokea wa nyuma. Kaka yangu Kasereka alinipa jina la Bubu, na avenyu nzima ikalichukua.

"Bubu, mama yako iko?" Ninatikisa kichwa.

"Bubu, umekula?" Ninatikisa kichwa.

Wanacheka, nami ninacheka kidogo, basi. Sikujua kwamba mtu asiyesema, siku akifungua kinywa, anaaminiwa kuliko wote.

Tunakaa kaskazini mwa mji, juu ya mawe meusi ya volkano. Mwaka mmoja kabla ya Noeli hiyo, mlima ulitapika moto, nyumba yetu ikaungua, tukajenga tena kwa mbao. Jirani yetu, mbao kwa mbao, alikuwa Papa Esperance, muuza maziwa, mtu wa Rutshuru anayesema Kinyarwanda. Sisi ni Wanande, wazazi wetu walitoka Butembo. Siku ile ya moto ni yeye aliyempandisha bibi yangu juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mti, akamsukuma katikati ya watu wanaokimbia mpaka tukaishika njia ya Sake.

"Koko, shika nguvu!" alikuwa anamwambia. "Leo weye njo maziwa yangu. Ukimwangika, nitakula hasara!"

Bibi alilia na kucheka kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo! Na mimi ndiye niliyemtendea hivi.

Binti yake, ambaye ndiye Esperance mwenyewe, ni wa rika langu. Alikuwa rafiki yangu, na sikuwa na mwingine. Kwake sikuona haya. Tuliongea Kiswahili, lakini nilikamata Kinyarwanda vipande vipande kutoka kwao, kama mtoto anavyookota punje sokoni. Jioni tukiachana kwenye bomba la maji, kila mmoja na bidoni yake, aliniambia, "Ejo!" Maana yake tutaonana kesho. Nami nilijibu, "Ejo!" Hilo neno nilijihesabia kuwa nimelishika kabisa.

Kisha vita vikarudi. Waasi walishuka kutoka upande wa Rumangabo mpaka Kibumba. Njia ya Rutshuru ikajaa watu wenye magodoro kichwani, mbuzi, watoto, sufuria, wote wakija kulala Kibati katika vibanda vya plastiki. Mchana tulisikia mizinga. Kila ikilia, mbao za nyumba zilitetemeka, na tulitazamana bila kujua kama ni bomu au ni mlima unaamka. Mama alilala na viatu. Mimi nilianza kuota moto hata nikiwa macho.

Na maneno! Maneno yalikimbia kuliko watu. Waasi wamevaa nguo za raia. Waasi wamefichwa manyumbani. Nyumba za wanaosema Kinyarwanda zinapokea wageni. Vijana wa avenyu, Kasereka akiwa mbele, walipanga mawe kufunga njia na kukagua kila anayeingia. Watu waliosalimiana miaka yote wakaanza kujibizana kwa macho tu.

Katika hali hiyo ndipo yalipoingia Majilio, zile wiki za kuingoja Noeli.

Sisi Wakatoliki, jamaa za avenyu moja tunasali pamoja katika shirika. Shirika letu lina desturi yake. Wakati wa Majilio kila nyumba inatoa konzi ya majani makavu ya kutandika ndani ya kreshi, kile kibanda anamolazwa Mtoto Yesu. Lakini nyumba zenye ugomvi majani yao hayapokelewi mpaka zipatane. Kwa hiyo wanaopita kukusanya majani ndio wanaopatanisha, na tunawaita watu wa amani.

Mwaka huo kiongozi wa shirika, mzee mmoja mpole, alinionyesha mimi kwa kidole. Nilitamani ardhi inimeze!

"Mimi, muzee?"

"Weye. Hawa bengine midomo yao iko sawa mulango bila kufuli. Weye hautatembeza maneno ya batu."

Watu walicheka. Kasereka akapiga makofi. "Muzee umechagua bubu akahubiri! Sasa amani itafika, hata kama haina sauti!"

Nilipewa mwenzangu, Mama Solange, mjane anayejua Kinyarwanda na Kinande sawasawa. Ndivyo kazi ilivyofanywa: watu wa amani wanatembea wawili, na lazima kati yao lugha zote mbili ziwepo. Na neno lolote mlilolisikia ndani ya nyumba haliendi nyumba nyingine kabla ya kulirudisha kwa aliyelisema na kumuuliza kama ndivyo alivyotaka kusema.

Niliona kwa macho yangu faida yake. Kulikuwa na mama wawili waliokuwa hawasalimiani tangu mvua ya kwanza. Mama Solange alimuuliza mmoja, "Ni kweli ulisema mwenzako iko mulozi?"

"Mimi? Nilisema kuku yake iko mulozi! Inaruka lupango na inakula mboga yangu ya lengalenga, na asubuhi hauone hata alama ya miguu yake!"

Yule mwingine, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, akashindwa kujizuia kucheka. Siku hiyohiyo walitoa majani pamoja. Mimi nilibeba tu kikapu, sikusema lolote, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilijiona mtu.

Ikabaki nyumba moja, ya Papa Esperance. Hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini wengine walikuwa wameanza kuipitia mbali nyumba yake kama mtu anavyokwepa shimo. Mama Solange akapata habari kwamba dada yake mwenyewe amefika Kibati, amekimbia kutoka Kibumba bila kitu. Akaenda kumtafuta. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Kwa Papa Esperance tutaenda nikirudi. Usiende peke yako, mutoto wangu. Siku hizi haziko za kwenda peke yako."

Nikatikisa kichwa. Kesho yake hakuwa amerudi, na mimi nikaenda.

Nilijiambia, kwa rafiki yangu ninahitaji mtu wa kunisindikiza? Nilishika kikapu nikapita ubavuni mwa nyumba yao, jua likiwa juu. Nikasikia sauti ya Papa Esperance ndani. Alikuwa anaongea kwenye simu, kwa sauti ya chini. Yeye! Mtu anayetangaza maziwa yake hadi barabara ya lami! Nilisimama. Ningefanyaje nisisimame?

Alikuwa anasema Kinyarwanda, haraka, na mimi nilishika yale niliyoyajua tu. Nilisikia abahungu, vijana. Nilisikia imihoro, mapanga. Nilisikia Noheli. Na nilisikia ejo.

Nikaweka jicho kwenye ufa wa mbao. Uani waliketi vijana wawili nisiowajua, nguo zao zina vumbi la njia. Kila mmoja alikuwa na panga, na walikuwa wanayanoa juu ya jiwe. Hawakuongea. Jiwe tu lilikuwa linalia.

Vijana. Mapanga. Kesho. Noeli.

Ee Mungu wangu! Mlango ulikuwa pale, mkono wangu ungeufikia. Ningebisha tu! Esperance angetoka, angeniuliza juu ya nini ninatetemeka, ningemuuliza baba yake alisema nini, angenijibu. Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Papa Esperance hajawahi kunikaripia hata siku moja. Lakini haya ilinishika mkono upande mmoja na woga ukanishika upande mwingine. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, nikiwa na kikapu kitupu.

Nyumbani Kasereka alikuwa anakula. Alinitazama.

"Bubu, uko na nini? Sura yako iko sawa unga."

Hapo nikamwita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Yaya, kwa Papa Esperance kuko vijana wageni. Wananoa mapanga. Amesema kesho."

"Kesho nini?"

"Kesho. Vijana na mapanga, kesho. Juu ya Noeli."

"Ulisikia na masikio yako?"

"Ndiyo."

"Kweli kabisa?"

"Ndiyo, Yaya."

Hakumaliza chakula. Aliacha ugali na maharage vikiwa na moto, akatoka.

Sikumwambia kwamba nilishika maneno manne katika maneno mengi. Sikumwambia kwamba Kinyarwanda changu ni cha bomba la maji. Niliyaunga yale manne kwa uzi wa woga wangu mwenyewe, nikampa kama kitu kizima. Huo ndio uongo wangu, hata kama sikujua ni uongo.

Muda si mrefu nikasikia maneno yangu yakipita nje ya nyumba katika kinywa cha mama nisiyemjua. Yalikuwa yamekua. Sasa kulikuwa na kanisa ndani yake, na milango inayofungwa kwa nje, na waasi walioingia usiku.

"Nani alisema?" mwingine aliuliza.

"Yule bubu wa kwa kina Kasereka."

"Bubu? Bubu alisema?"

"Alisema! Yule mutoto hasemake uongo. Hasemake hata kweli! Akisema, ujue kumeharibika."

Nilikaa juu ya kitanda nikashika magoti. Nilitaka kutoka niwaambie, hapana, kanisa sikulisema. Sikutoka.

Halafu nikasikia miguu. Miguu mingi. Hapa kwetu jiwe hulitafuti, unainama tu. Nilitoka hatimaye kwa sababu mama alikuwa analia ananiita, na nilipofika nje, lupango ya Papa Esperance, ua wake wote, ilikuwa imezungukwa. Vijana, kina mama, hata watoto. Kasereka alikuwa mbele, na mkono wake haukuwa mtupu.

Papa Esperance alisimama mlangoni, mikono wazi. Nyuma yake mkewe, Esperance, na wale vijana wawili. Mmoja niliyekuja kujua anaitwa Faustin alikuwa mdogo kuliko nilivyomwona kwenye ufa. Ndevu hazijaota.

"Bandugu, munataka nini?" Papa Esperance aliuliza.

"Tunataka mapanga!" Kasereka alipiga kelele. "Na benye kuyanoa!"

"Hawa ni watoto ya dada yangu. Bamekimbia Kibumba. Mulimaji akikimbia, anakamata nini? Anakamata panga yake! Muzee wa shirika aliniomba nikate migomba ya kupamba mulango wa kanisa. Bananoa juu ya ile kazi. Mumuulize!"

"Na ile ya kesho?" mtu alisema. "Ulisema kwenye simu, kesho!"

"Kesho gani?"

"Bubu alikusikia!"

"Nilimwambia dada yangu kama batoto bake bamefika jana! Jana! Bamefika salama na mapanga yao, bakae kwangu mupaka Noeli ipite. Mbona hiyo iko zambi?" Alitazama watu, kisha akasema, "Mulete uyo mutoto. Aseme mbele yangu neno alisikia."

Kasereka akageuka. "Mudogo wangu, kuja! Usiogope. Waambie."

Watu wakafungua njia. Macho yote, jamani, macho yote! Sijawahi kuangaliwa namna ile. Esperance alinitazama kutoka mlangoni, na naona alielewa kabla yangu.

"Ulisikia ejo?" akaniuliza. Kwa sauti ya kawaida tu, kama tuko bombani. "Ejo iko jana na iko kesho. Ni neno moja, dada. Ni maneno ya pembeni yake njo yanaonyesha. Uliyasikia ya pembeni?"

Hapo nilijua. Usifikiri nilikuwa na mashaka. Nilijua pale pale, kama mtu anavyojua amekanyaga moto. Ya pembeni sikuyasikia. Nilipaswa kusema neno moja, "Hapana." Neno dogo kiasi hicho, na lingetosha. Mzee wa shirika alikuwa njiani anakuja, watu wengine nyuma walikuwa wameanza kushusha mikono.

Nilifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Nikaangalia chini.

"Munaona?" Kasereka alisema. "Munaona? Anawaogopa! Hawezi kusema mbele yao!"

Ikaanza.

Sitaandika yote. Jiwe la kwanza liligonga mbao. La pili lilimpata Faustin usoni, na mimi niliona limetoka mkono gani. Alianguka bila kelele, kelele ilikuwa ya mama yake Esperance. Askari walifika wakipiga risasi hewani, watu wakalala chini, wengine wakakimbia. Waliwapandisha jamaa nzima kwenye gari lao, Faustin akiwa amefunikwa kitenge usoni na kitenge kimelowa. Walipoondoka, watu walirudi kubomoa. Nyumba ya mbao haichukui muda. Niliona mlango wao ukipita mbele yetu begani mwa mtu, bado una alama za chaki ambazo mimi na Esperance tulikuwa tunapimia urefu wetu.

Kesho yake mchana hakuna aliyekuja kuua mtu. Unajua watu walisema nini? Walisema ni kwa sababu tuliwawahi.

Misa ya mkesha ilisaliwa alasiri kwa sababu ya hali ya usalama. Kabla ya misa mzee wa shirika alinijia, macho yake mekundu. Hata yeye alikuwa amechanganyikiwa. Alijua kuhusu migomba, lakini walimwambia migomba ilikuwa njia ya kujifichia, na aliogopa kubisha. Sote tuliogopa. Alisema watu wameomba mimi nimbebe Mtoto Yesu kumpeleka kreshi, kwa kuwa Mungu amewaokoa kwa mdomo wangu.

Nikambeba! Ndugu yangu unayesoma, nilimbeba. Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana, nikabeba. Ile sanamu ya plasta ni nyepesi, lakini nilijikwaa nayo, mama mmoja akanishika kiwiko. Nilimlaza juu ya majani ya nyumba zote isipokuwa moja. Watu waliimba. Nilihisi mtu yeyote akinigusa nitapiga kelele na sitanyamaza tena.

Mama Solange alirudi kutoka Kibati siku ya Noeli yenyewe. Hakunisalimia. Alinivuta nyuma ya nyumba.

"Ulienda peke yako?"

Nikatikisa kichwa.

"Usinitikisie kichwa leo! Sema na mudomo. Ulienda peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimuuliza Papa Esperance?"

"Hapana, mama."

Alikaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akafunga kitenge chake vizuri, akaniambia, "Simama. Tunaenda."

Jamaa ya Papa Esperance walikuwa wamehifadhiwa katika chumba cha parokia moja upande mwingine wa mji. Kwenda Kibati na wakimbizi wenzao hawakuthubutu, habari ilikuwa imewatangulia. Faustin na nduguye walikuwa wameshikiliwa, waliachiliwa baadaye kwa sababu hakukuwa na kosa lolote, lakini jicho lilikuwa limechelewa kutibiwa. Mimi nilimkuta Papa Esperance ameketi kwenye benchi ya shule. Nilipiga magoti. Nikasema yote. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, lakini nilisema.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yako anajua hii?"

"Hapana, papa."

"Batu ya avenyu banajua?"

"Hapana, papa."

"Basi mutoto wangu, umekuja kuambia siye benye tunajua." Hakuwa na hasira, na hiyo iliniumiza zaidi. "Nilikusamehe. Noeli iko leo, nitafanya nini ingine? Lakini bale hawajui njo bako na mawe."

Esperance alikuwa mlangoni. Nilingoja aseme kitu, hata anitukane. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, akapita kando yangu kama anapita kando ya nguzo.

Niliungama kwa padri pia. Padri aliniondolea dhambi, akaniambia niwatafute wale niliowadanganya. Nilisema ndiyo. Na mwaka mzima umepita, Majilio yamerudi, na sijawatafuta.

Kwa nini? Nitakwambia ukweli. Ninamwogopa Kasereka. Na ninamwogopea. Kaka yangu si mtu mbaya. Alilirusha jiwe lile akiamini anaokoa mama yake na mimi. Ndivyo anavyolala. Nikisema kwamba hakukuwa na kesho yoyote, ninamwambia kwamba alitoa jicho la mtoto mkimbizi bure. Atanifanya nini? Na yeye mwenyewe atajifanya nini? Ninaogopa pia wale wengine. Nimeona jinsi mikono yao inavyoinama chini na kuinuka. Wakijua niliwadanganya, mawe bado yako palepale, hayajaisha.

Lakini sasa Papa Esperance ametuma ujumbe kwa mzee wa shirika. Amechoka kulala kwa watu. Anataka kurudi kwenye kiwanja chake kabla ya Noeli, ajenge hata chumba kimoja. Jioni ujumbe ulipofika, Kasereka alicheka, akasema, "Arudi tu. Tutamupokea sawa mara ya kwanza." Vijana wenzake walicheka naye. Na wanamaanisha.

Nilisikia hayo nikiwa ninaosha sahani. Nilijua kwamba nikikaa kimya mara hii, haitakuwa jicho tu.

Shirika linakutana wiki hii. Nimemwomba Mama Solange akae karibu nami, anishike kitenge nisitoroke. Nitasimama. Nitasema mbele ya kaka yangu na mbele ya wote. Jina langu sikuliandika hapa si kwa kujificha, ni kwamba wao wanastahili kulisikia kwanza kutoka kinywani mwangu, siyo kulisoma. Ninaogopa kiasi kwamba sijagusa chakula tangu asubuhi. Mama ameniuliza kama nina malaria.

Wewe uliyechaguliwa kuleta amani Noeli hii, katika shirika lako, katika kwaya yako, katika avenyu yako, nakusihi. Usitembee peke yako ukijiona unawajua watu. Usibebe neno la lugha ya jirani kama umelisikia nusu. Bisha mlango! Uliza! Watakucheka, na hakuna aliyewahi kupoteza jicho kwa kuchekwa.

Na kama wewe ni mtu wa haya kama mimi, watu wakikusifu kwamba wewe ni mpole, huna maneno, hujawahi kugombana na mtu, usiwaamini haraka. Siku ile kwenye lupango sikutukana mtu. Sikuinua mkono. Sikushika jiwe. Nilikaa kimya tu, mimi niliyepewa kikapu cha shirika, na mbele yangu wakampiga mtoto.